Muidi na Haki ya Kukalia Kiti cha Darsa

  

Kijana amemaliza chuo, amerudi nyumbani na shahada yake, na kabla vumbi la safari halijamtoka amekwisha kabidhiwa darasa. Haya tunayaona katika madrasa zetu nyingi, wala hatuyalaumu moja kwa moja, kwani walimu ni wachache na wanaotaka kusoma ni wengi. Lakini angalia tunayoulizana juu ya kijana huyo: amesoma vitabu gani, kwa masheikh gani, katika mji gani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: nani amewahi kumsikia akisomesha? Yuko wapi mwanafunzi aliyekwama katika mas-ala, kisha akafahamishwa na yeye mpaka akafahamu?

Maswali haya mawili ndiyo waliyokuwa wakipimwa kwayo wanafunzi wakubwa wa Nishapur, Baghdad, Damascus na Cairo kabla ya kuitwa walimu. Tena ilikuwepo daraja maalumu ya kuyajibia, yenye jina lake, kazi yake na fungu lake katika mali ya wakfu. Mwenye daraja hiyo akiitwa muidi. Tumeona tuieleze hapa, kwa sababu wengi wetu tunawajua maimamu wakubwa kwa vitabu walivyovitunga, na hatujui waliyoyafanya walipokuwa bado wanafunzi.

Neno lenyewe linatokana na iada, yaani kurudia. Mudarisi alikuwa akikaa na halaka yake, akisomesha somo la siku, kisha akainuka. Hapo ndipo kazi ya muidi inapoanza. Atakaa na wanafunzi, alirudie somo, awafungulie palipofungika, awasikilize waliyoyahifadhi. Hakuwa mtoto wa kuanza. Alikuwa amekwisha soma fiqhi ya madhehebu yake, naye amebaki na sheikh wake kama sahibu, mwaka baada ya mwaka, akijifunza mambo ambayo hayamo kitabuni: namna ya kulipanga somo, kujibu pingamizi, na kunyamaza pale asipojua.

Tuanze na Imamu Abu Ishaq al-Shirazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwani habari zake ametuandikia mwenyewe. Alizaliwa mwaka 393 H katika mji wa Firuzabad, nchi ya Uajemi, na aliingia Baghdad mwaka 415 H. Hapo akamshika Kadhi Abu al-Tayyib al-Tabari. Katika kitabu chake cha tabaka za mafakihi, Abu Ishaq anaeleza kwamba alidumu katika majlisi ya sheikh huyo zaidi ya miaka kumi; kwamba aliwasomesha wanafunzi wa sheikh, ndani ya msikiti wa sheikh, kwa idhini ya sheikh, kwa miaka kadhaa; kisha sheikh akampa nafasi katika halaka yake; na mwisho ni sheikh mwenyewe aliyemtaka akae msikitini kusomesha, naye akafanya hivyo mwaka 430 H (1038/39).

Tuuzingatie mpango huo, kwani ndio kiini cha maneno yetu. Kwanza kusikiliza, kisha kuwasomesha wanafunzi wa mwingine huku mwingine yupo, kisha kupewa nafasi rasmi, na mwisho kupewa majlisi yake. Tangu kuingia Baghdad mpaka kukaa peke yake ni miaka 15. Na hakuwa mvivu hata tuseme alichelewa, kwani imepokewa kwamba somo moja alikuwa akilirudia mara mia, na katika riwaya nyingine mara elfu, na kwamba ikiwa ndani ya mas-ala umo ubeti mmoja wa ushahidi, alihifadhi kasida nzima.

Kuna kisa kingine chake ambacho hatuwezi kukipita. Waziri Nizam al-Mulk alipoijenga madrasa yake ya Nidhamiya mjini Baghdad, aliikusudia kwa ajili ya Abu Ishaq. Siku ya kufunguliwa, mwaka 459 H (1067), watu wakakusanyika wakamngoja, asitokee. Ilikuwa imemfikia kwamba katika ujenzi ule umeingia unyang'anyi wa mali za watu, naye akaona vipi asomeshe mahali palipoporwa. Akakalishwa Ibnu al-Sabbagh, mwenye kitabu cha al-Shamil, akasomesha siku 20, hata Abu Ishaq aliporidhishwa akakubali. Mtu aliyekwisha ngoja miaka 15 hakuona tabu kuacha kiti kikubwa kuliko vyote Baghdad kikae bila yeye. Akadumu hapo mpaka alipofariki mwaka 476 H (1083). Karibu na mwisho wa umri wake alitumwa na Khalifa kwenda Khurasan, na imesimuliwa kutoka kwake kwamba hakuingia mji wala kijiji ila alimkuta kadhi wake, au mufti wake, au khatibu wake, ni mwanafunzi wake.

WANAFUNZI WAWILI WA MWAKA MMOJA

Nishapur nako alikuwako Imamu al-Haramain al-Juwayni, na chini yake walikuwapo vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 450 H. Mmoja kila mtu anamjua: Abu Hamid al-Ghazali. Wa pili ni Imadu al-Din al-Kiya al-Harrasi, ambaye watu wetu wengi hawamjui ila kwa tafsiri yake ya aya za hukumu. Ibnu Khallikan amemtaja al-Kiya kuwa ni katika vichwa vya maidi wa Imamu al-Haramain, na kwamba alikuwa wa pili baada ya al-Ghazali.

Al-Kiya amesimulia namna alivyokuwa akijitayarisha. Katika madrasa ya Sarhang hapo Nishapur palikuwa na mfereji wa chini kwa chini wenye ngazi za kushukia, daraja 70. Akishahifadhi somo, alishuka ngazi zile akilirudia mara moja kwenye kila daraja, kisha akapanda vilevile. Hiyo ni mara 140 kwa somo moja. Basi mwanafunzi aliyemwendea al-Kiya na swali alikuwa anamwendea mtu ambaye lile somo limo kwenye miguu yake.

Al-Ghazali naye alikuwa na funzo lake kabla ya hapo. Alipokuwa akirudi Tus kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, wanyang'anyi waliwavamia njiani wakamchukulia alichokuwa nacho, pamoja na taaliqa yake, yaani madaftari aliyoyaandika katika darsa za sheikh wake. Akawafuata akiomba arudishiwe hayo tu, kwani hayana faida kwao na yeye ndimo ilimo elimu yake. Mkubwa wa wezi akamcheka: vipi unadai unajua, na sisi tukishakuchukulia makaratasi unabaki huna elimu? Wakamrudishia. Alipofika kwao akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote yaliyomo. Taaliqa ilikuwa jambo kubwa zama hizo. Ndiyo iliyokuwa mfano wa tasnifu anayoiandika leo mwanafunzi wa shahada ya juu. Lakini mwizi yule aliuliza swali ambalo tasnifu peke yake haijibu.

Alipofika Nishapur, al-Ghazali hakukaa kimya. Abdu al-Ghafir al-Farisi, aliyemjua, ameeleza kwamba wanafunzi walikuwa wakinufaika naye na yeye akiwasomesha na kuwaongoza katika uhai wa Imamu al-Haramain. Akaanza kutunga. Imesimuliwa kwamba aliposoma kitabu chake cha al-Mankhul, katika usuli, sheikh alimwambia kwa maana ya kwamba amemzika yungali hai; hakuweza kungoja afe? Wengine wameyachukua maneno hayo kuwa ni sifa, na al-Farisi ameashiria kwamba ndani ya moyo wa sheikh kulikuwa na kidogo cha kutoridhika. Sisi tunaona yote mawili yanawezekana. Masheikh ni wanadamu, na mwanafunzi hodari ni mtihani kwa mwalimu wake kama alivyo neema kwake.

Mwaka 484 H (1091) Nizam al-Mulk alimpeleka al-Ghazali kusomesha Nidhamiya ya Baghdad, naye ana umri wa miaka 34. Akaiacha mwaka 488 H. Na mwaka 493 H kiti kile kile cha Nidhamiya kikamfikia al-Kiya, muidi wa zamani, akakikalia mpaka alipofariki mwaka 504 H. Mmoja alifika upesi, mwingine akafika baadaye kwa miaka tisa, na wote wawili walikuwa wamekwisha kusomesha mbele ya macho ya sheikh mmoja.

MADRASA NA FUNGU LA MUIDI

Karne mbili baada ya Abu Ishaq, kazi ya muidi ilikuwa imekwisha ingia katika mpango wa madrasa wenyewe. Khalifa al-Mustansir alipoifungua Mustansiriya mjini Baghdad mwaka 631 H (1234), aliweka wanafunzi 62 kwa kila madhehebu katika madhehebu manne, na kila madhehebu mudarisi na maidi wanne. Tukigawanya, kila muidi anapata wanafunzi 15 au 16. Madrasa zetu zenye mwalimu mmoja kwa watoto 80 zinaweza kuitazama hesabu hiyo kwa kijicho.

Mwaka huo huo wa 631 H alizaliwa Imamu al-Nawawi katika kijiji cha Nawa. Aliingia Damascus mwaka 649 H, akakaa katika madrasa ya Rawahiya, akahifadhi Tanbih ya Abu Ishaq kwa miezi minne na nusu, kisha robo ya Muhadhab katika muda uliobaki wa mwaka. Mwanafunzi wake Ibnu al-Attar amenakili kutoka kwake kwamba sheikh wake, Kamalu al-Din Ishaq al-Maghribi, alipoona juhudi yake alimpenda na akamfanya awarudilie somo wengi wa waliokuwa katika halaka yake. Kijana wa shamba, hana ukoo wa kumtangaza mjini, daraja yake ya mwanzo ilikuwa ni iada. Mwaka 665 H akapewa uongozi wa Daru al-Hadithi al-Ashrafiya, na imesimuliwa kwamba hakuchukua kitu katika mshahara wake. Sisi tunaosoma Minhaji yake katika misikiti ya pwani hii tunakula matunda ya mti uliopandwa katika halaka ile.

Baada ya iada huja idhini ya mwisho. Hapa tusichanganye. Iko ijaza ya kupokea kitabu na kukisimulia, ambayo hata mtoto mdogo aliweza kupewa kwa kuhudhuria. Na iko ijaza ya kusomesha na kutoa fatwa, ambayo sheikh hampi ila aliyemjaribu. Ijaza hii ilitolewa na sheikh, si na madrasa. Jina lake ndilo lililowekwa rehani. Al-Qalqashandi ametuhifadhia maneno ya ijaza aliyopewa na Ibnu al-Mulaqqin huko Iskandaria mwaka 778 H (1376/77), ya kusomesha na kutoa fatwa kwa madhehebu ya Shafi, naye ana umri wa miaka 21 hivi. Ajabu ni kwamba kijana huyo baadaye aliingia katika diwani ya maandiko ya sultani, na leo ulimwengu unamjua kama karani.

HUKUMU YA ANACHOKIPOKEA

Sasa tufike kwenye fiqhi, kwani muidi alikuwa akila mali ya wakfu, na mali ya wakfu ina swali lake Siku ya Kiyama. Sharti la mweka wakfu hufuatwa kama inavyofuatwa nassi, kama ilivyo mashuhuri kwa mafakihi. Aliyeweka fungu kwa ajili ya iada hakuliweka kwa ajili ya kuhudhuria.

Ibnu Jamaa, kadhi mkubwa wa Misri aliyefariki mwaka 733 H, amelieleza hili katika kitabu chake cha adabu za msomi na msomaji. Anasema kwamba muidi anayepokea fungu la iada ni juu yake kuwatanguliza wanafunzi wa madrasa ile katika wakati uliowekwa, kwani hiyo ni faradhi juu yake yeye binafsi maadamu ni muidi. Ama kuwasomesha watu wengine, kwake ni sunna au faradhi ya kutoshelezana. Pia amjulishe mudarisi au msimamizi wa wakfu ni nani katika wanafunzi anayetarajiwa kufaulu, ili aongezewe cha kumsaidia na moyo wake ukunjuke. Awatake wanafunzi wamsomee walichohifadhi, ikiwa hakuwekwa mtu mwingine kwa kazi hiyo, na awarudilie lile ambalo ufahamu wao umesimama.

Tajudini al-Subki, aliyefariki mwaka 771 H, ni mkali zaidi. Alitunga kitabu, Muidu al-Niam, ambacho jina lake linaanza kwa neno hili hili, ingawa pale maana yake ni mwenye kurejesha neema. Ndani yake amewapitia wenye vyeo mbalimbali akimwambia kila mmoja shukrani ya neema yake ni ipi. Kwa muidi anasema: ana wajibu uliozidi kusikiliza somo, nao ni kuwafahamisha baadhi ya wanafunzi, kuwanufaisha, na kutenda kile kinachotakiwa na neno iada. Asipofanya hayo, yeye na mwanafunzi wa kawaida ni sawasawa, naye hakuishukuru neema ya Mwenyezi Mungu ya kupewa kazi hiyo. Mtu haandiki hivyo ila ameona maidi wanaokaa, wanasikiliza, wanapokea, wanaondoka.

Mafakihi wamekhitilafiana kama fungu la wakfu analopokea mwalimu ni ujira, au ni riziki ya kumsaidia katika utiifu. Khitilafu hiyo ina matunda yake katika siku za kuugua na likizo. Lakini kwa vyovyote vile haimhalalishii kupokea yule ambaye kazi yenyewe haifanyi kabisa, hana udhuru wala naibu.

Upande wa pili pia una dhulma yake, na huu husahauliwa. Salahu al-Din al-Ayyubi alijenga mwaka 572 H (1176) madrasa kando ya kaburi la Imamu Shafi huko Misri. Al-Maqrizi ameandika kwamba ilipita miaka 30 madrasa hiyo haina mudarisi, ikatosheka na maidi, nao ni watu kumi, mpaka mwaka 678 H (1279) alipowekwa Taqiyu al-Din Ibnu Razin kwa nusu ya mshahara. Na baada yake akaja Ibnu Daqiq al-Id, pamoja na ukubwa wake wote katika elimu, akapewa robo. Sisi tunavyoona, msimamizi akishaonja kuendesha madrasa kwa watu wa fungu dogo, haoni tena sababu ya kulipa fungu kubwa. Ni nani aliyekuwa akiwasikiliza maidi wale kumi? Muidi bila mudarisi si muidi tena, kwani hakuna somo la kurudia. Ni mwalimu wa bei nafuu. Msimamizi wa madrasa ya leo anayejaza madarasa kwa vijana, bila mzee hata mmoja wa kukaa nyuma akawasikiliza, asidhani kwamba anafuata mwendo wa wema waliotangulia kwa kuwa tu hao nao walikuwa na vijana.

Kuna na urithi wa viti. Kazi ya kusomesha ilikuwa ikiteremshwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na wanachuoni wamelilaumu hilo mwana anapokuwa hafai. Lakini tazama al-Juwayni mwenyewe, sheikh wa wale wawili. Baba yake alifariki mwaka 438 H, naye akakalishwa mahali pake kusomesha akiwa hajatimiza miaka 20. Akawa anatimiza desturi ya darsa yake, kisha anainuka na kwenda katika madrasa ya al-Bayhaqi kusoma usuli kwa Abu al-Qasim al-Iskaf. Mchana huo huo alikuwa mwalimu na mwanafunzi. Kiti alikirithi, ustahiki aliutafuta.

Huko Misri jina la muidi halijafa. Katika vyuo vikuu vyao hadi leo mhitimu aliyefanya vizuri huteuliwa kuwa muidi, akisaidia kusomesha huku anaandika tasnifu yake ya shahada ya pili. Wanafunzi wetu waliosoma huko wanamjua vyema.

Na kwetu pia mwendo huu ulikuwako bila ya jina. Sheikh Abdalla Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860, alimzidi Sayyid Ahmad bin Sumait kwa umri wa mwaka mmoja hivi, na juu ya hayo alikaa mbele yake kama mwanafunzi. Sayyid akamtuma Hadhramaut akazidi kupata, na safari hiyo Sheikh ameiandikia kitabu. Akaanzisha madrasa Ukutani, Unguja, na hata alipokuwa mwalimu wa watu hakuacha kuwa mwanafunzi wa Sayyid. Waislamu wa Cape Town walipokhitilafiana na kutaka mtu wa kuwasuluhisha, Sayyid alimtoa yeye. Sheikh aliyekwisha msikia mwanafunzi wake miaka mingi alijua anamtuma nani. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na madrasa ya Ukutani ikaendelea kusomesha baada yao.